Mwalimu wa Kitengo Aingie Darasani



Walimu, wazazi wenzangu, na ninyi wanachuo mnaojiandaa kushika chaki, naomba tuanze na kipindi cha Hisabati, darasa la tano, katika shule ya msingi ambamo watoto wasioona husoma pamoja na wenzao wanaoona. Mwalimu amegeukia ubao. Anasema, "Hii tunaitoa hapa, tunaipeleka huku, halafu hizi mbili tunazijumlisha, tunapata hii. Tumeelewana?" Darasa zima linaitikia, "Ndiyo, mwalimu!" Kwenye dawati la mbele yupo mtoto asiyeona. Mashine ya nukta nundu iko mbele yake, karatasi imeshaingizwa, vidole viko juu ya vitufe, na hajaandika chochote kwa kuwa hajapewa cha kuandika. Ameambiwa "hii", "hapa" na "huku". Naye ameitikia ndiyo pamoja na wenzake, maana hakuna mtoto anayependa kuonekana ndiye peke yake asiyeelewa.

Mwalimu wa elimu maalumu yuko wapi saa hiyo? Katika shule nyingi yuko kitengoni, yaani kwenye chumba cha watoto wenye ulemavu kilicho pembeni kabisa, jirani na stoo. Huenda anasahihisha madaftari. Huenda anambadilisha nguo mtoto aliyejichafua. Huenda anasubiri kipindi kiishe ili yule mtoto arudi, aanze kumfundisha upya yote aliyotoka kuyakosa. Anafanya kazi kubwa, wala simlaumu. Ila tumemweka mbali na mahali ambapo mambo yanaharibika. Nimekuja kusema jambo moja tu: kazi kubwa ya mwalimu wa elimu maalumu ni kubadili namna walimu wengine wanavyofundisha, na kazi hiyo hataiweza akiwa amefungiwa kitengoni.

Kuna sababu za kihistoria zilizotufikisha hapa, na ni vizuri tuzijue ili tusije tukawatupia lawama watu wasiostahili. Elimu ya watoto wenye ulemavu nchini mwetu ilianzishwa na madhehebu ya dini. Kanisa la Anglikana lilifungua shule ya wasioona Buigiri, Dodoma, mwaka 1950. Kanisa Katoliki likafungua shule ya viziwi Tabora mwaka 1963. Walutheri wakawa na shule ya Irente kule Lushoto, na Jeshi la Wokovu likawapokea watoto wenye ulemavu wa viungo Mgulani, Dar es Salaam. Hizo zote zilikuwa shule za bweni. Mtoto aliletwa kutoka mbali, pengine na mzazi ambaye hakutegemea kumwona tena kabla ya likizo ndefu. Mwalimu ndiye aliyemfundisha asubuhi, akamlisha mchana, akamtibu homa usiku. Bila walimu wale, maelfu ya Watanzania wasingejua kusoma, na heshima yao haifutiki.

Lakini walituachia picha ambayo bado hatujaiondoa vichwani: mwalimu wa elimu maalumu kama mlezi, mtu mwenye huruma nyingi na subira isiyokwisha, aliyejitoa kwa ajili ya "wale watoto". Baadaye vilipoanzishwa vitengo ndani ya shule za kawaida, kama ilivyokuwa Uhuru Mchanganyiko pale Dar es Salaam na kwingineko mikoani, watoto walisogezwa karibu na wenzao, lakini picha ile ikahama nao. Leo mtoto kiziwi akipanda mti wa mwembe wakati wa mapumziko, watu wazima watano wanaopita chini yake watasema, "Mwiteni mwalimu wake." Ana mwalimu wa Sayansi, ana mwalimu wa Kiswahili, ana mwalimu wa zamu. Hao wote hawahesabiki kuwa walimu wake.

Sheria zetu, kwa upande wake, zimeshaondoka huko. Mwaka 1994 mataifa yalikutana Salamanca, Hispania, yakakubaliana kuwa shule ya kawaida ndiyo iandaliwe kumpokea kila mtoto. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu ulipitishwa mwaka 2006, na Tanzania ikauridhia mwaka 2009. Ibara yake ya 24 inazitaka nchi ziajiri walimu wanaoijua lugha ya alama na nukta nundu, wakiwemo walimu ambao wenyewe wana ulemavu. Mwaka 2010 Bunge letu lilitunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Namba 9, na tangu hapo tumekuwa na mikakati ya taifa ya elimu jumuishi, Zanzibar wakiiita elimu mjumuisho. Karatasi tunazo za kutosha. Kilichobaki ni kipindi cha Hisabati darasa la tano.

Turudi basi kwenye kipindi hicho. Mwalimu wa elimu maalumu anayeijua kazi yake angeanza jana yake. Angemwendea mwalimu wa Hisabati mapumziko ya saa nne, akaomba kuona andalio la somo. Angemwambia: "Kesho, kila unachokiandika ubaoni, kitamke. Usiseme hii, sema robo tatu. Usiseme huku, sema upande wa kulia wa alama ya kujumlisha." Basi. Ushauri huo hauna gharama yoyote, na tazameni unavyofanya kazi. Mtoto asiyeona anapata somo. Mtoto aliyeketi dawati la mwisho katika darasa la watoto 90, ambaye ubao haumfikii vizuri, naye anapata. Yule aliyekuwa ameinama kuokota penseli anapata. Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Na mimi kwa miaka yote niliyofundisha sijaona njia iliyobuniwa kwa ajili ya mtoto mwenye ulemavu ambayo haikuwafaa na wenzake.

Halafu angeendelea na yale ambayo mwalimu wa Hisabati hayajui, wala hatumtegemei ayajue. Nukta nundu hujengwa kwa nukta sita tu, safu mbili za nukta tatu tatu. Tarakimu hazina maumbo yao: herufi a hadi j ndizo zinazotumika kama tarakimu 1 hadi 9 na 0, zikitanguliwa na alama ya namba. Mtoto anapoandika kwa kibao na kalamu ya kutobolea huanza kulia kwenda kushoto, tena kwa kugeuza kila herufi, kisha hugeuza karatasi na kusoma kutoka kushoto. Hebu fikirieni maana yake katika jedwali, au katika kugawanya kwa njia ndefu ambako mtoto anayeona hushuka hatua kwa hatua, akitupia jicho juu na chini. Mtoto anayesoma kwa kidole hawezi kutupia jicho. Kidole huona herufi moja kwa wakati mmoja. Kwa hiyo anahitaji kihesabio cha shanga, anahitaji njia fupi za kichwani, na anahitaji mchoro uliotengenezwa kwa uzi na gundi ili pembetatu aiguse. Kitabu cha kiada ambacho mwenzake hukiweka kwenye mkoba, chake kikigeuzwa kwenda nukta nundu huwa majalada kadhaa mazito. Haya ni maarifa ya kitaalamu. Huruma peke yake haimfundishi mtu kuchora pembetatu ya kugusa.

Kwa watoto viziwi mambo ni mazito zaidi, nami nitakaa hapo kidogo, kwa sababu nadhani ndipo tunapokosea kuliko kote.

Mtoto anayesikia huingia darasa la kwanza akiwa na lugha. Walimu tunasema tunamfundisha Kiswahili, lakini ukweli ni kwamba Kiswahili amekuja nacho, au amekuja na lugha ya nyumbani kwao, nasi tunamfundisha kusoma na kuandika tu. Mtoto kiziwi, ambaye mara nyingi mno huzaliwa na wazazi wanaosikia, huja na ishara chache za nyumbani: kula, kulala, choo, mama, fimbo. Ana miaka saba au minane, pengine kumi kwa kuwa alifichwa, na bado hajawahi kusimuliwa hadithi hata moja. Hajawahi kuuliza "kwa nini" akajibiwa. Mwalimu wake ndiye atakayempa lugha ya kwanza maishani mwake, na lugha hiyo ni Lugha ya Alama. Kila mwaka unaopita kabla hajaipata ni hasara ambayo hailipiki yote.

Dunia iliwahi kukosea vibaya katika jambo hili. Mwaka 1880 walimu wa viziwi walikutana Milan, Italia, wakaazimia kwamba viziwi wafundishwe kwa kutamka na kusoma midomo, lugha ya alama iondolewe shuleni. Viziwi wenyewe karibu hawakuwamo ukumbini. Kwa miongo mingi iliyofuata, watoto katika nchi nyingi walipigwa mikono kwa kosa la kuzungumza kwa mikono. Azimio lile lilikuja kukataliwa rasmi na mkutano wa aina hiyohiyo huko Vancouver, Kanada, mwaka 2010, miaka 130 baadaye. Hata shule zetu za mwanzo zilianza kwa kuwafundisha viziwi kutamka. Sisemi hiki ili tuwacheke waliotutangulia. Nakisema ili mwanachuo ajue kwamba uamuzi wa walimu, ukifanyika bila wenye jambo lao, unaweza kuumiza vizazi vitano.

Sasa tumchukue mtoto huyo kiziwi ameshapata alama, yuko darasa la sita, anaandika insha. Anaandika: "Mama jana soko kwenda mimi nguo nunua." Mwalimu wa Kiswahili anapitisha kalamu nyekundu mwanzo hadi mwisho, anaandika sifuri. Mwalimu wa elimu maalumu, akipewa daftari hilohilo, anaona kitu tofauti kabisa. Anaona mtoto aliyeeleza tukio zima: nani, lini, wapi, kwa ajili ya nani. Kinachokosekana ni viambishi na viunganishi. Angalieni kitenzi kama "alininunulia". Ndani yake kuna mtendaji, kuna wakati, kuna mtendewa, kuna mzizi, kuna kauli ya kutendea, vyote vimeshikana. Mtoto anayesikia aliyameza hayo akiwa mgongoni mwa mama yake, bila kufundishwa na mtu. Kiziwi anaona mstari mrefu wa herufi uliobandikwa kwenye karatasi. Lugha ya Alama ya Tanzania ina sarufi yake, haifuati mpangilio huo. Kwa hiyo Kiswahili cha kuandika kwake ni lugha ya pili, na yapasa kifundishwe hivyo: kitenzi kikatwe vipande kwenye kadi, nafsi kwa rangi moja, wakati kwa rangi nyingine, mtoto avipange na kuvipangua mpaka mantiki yake imwingie.

Mwalimu wa kitengo analijua hili. Mwalimu wa Kiswahili hajawahi kuambiwa. Wote wawili hunywa chai katika ofisi moja.

Na mtoto huyo akivuka kwenda sekondari anakutana na Kiingereza, lugha ya tatu, na mara nyingi mwalimu wa elimu maalumu hugeuzwa mkalimani. Anasimama mbele kutwa nzima akitafsiri Baiolojia, Historia, Jiografia, masomo ambayo mengine hakuyasoma, kwa istilahi ambazo nyingine hazina alama inayojulikana na wote. Ukalimani ni taaluma kamili inayojitegemea. Tukimfanya mwalimu awe mkalimani wa kudumu, tumepoteza mwalimu na hatujapata mkalimani.

Watoto wenye ualbino wanatufundisha jambo lingine. Kuanzia mwaka 2007 na 2008, mauaji na mashambulizi dhidi yao yalipozidi kanda ya Ziwa, wengi walikimbiziwa katika shule kama Mitindo, Misungwi, na Buhangija, Shinyanga, wapate usalama. Walimu wa shule hizo walibeba mzigo ambao taifa zima lilipaswa kuubeba. Lakini hofu ya wauaji ilitusahaulisha kwamba mtoto mwenye ualbino anapoingia darasani tatizo lake la kila siku ni uoni hafifu. Miwani humsaidia kiasi, haimalizi tatizo. Mwalimu humweka dawati la mbele, akaridhika. Akiwa hapohapo mbele, maandishi ya ubaoni bado yanaweza kumshinda, hasa dawati likiwa linatazama dirisha lenye mwanga mkali. Mwalimu wa elimu maalumu ndiye wa kusema: mpeni ruhusa ya kuinuka na kuusogelea ubao bila kuomba kila mara, mhamishieni upande usio na mwanga wa moja kwa moja, mwalimu ampe muhtasari wake ulioandikwa kwa herufi kubwa, gwaride la asubuhi lisimchome jua nusu saa nzima, na kofia yake isivuliwe kwa kisingizio cha nidhamu. Watoto wangapi wameitwa wavivu wa kunakili, kumbe hawakuwa wanaona cha kunakili?

Kwa watoto wenye ulemavu wa akili nitasema kwa kifupi, ingawa hao ndio wengi katika vitengo vyetu. Ufundi wa mwalimu hapa ni kukata kazi moja katika hatua ndogondogo. Kufunga vifungo vya shati, kwa mfano, huweza kuanzia mwisho: mwalimu anafunga vyote akaacha kimoja, mtoto akakimalizia na kusifiwa, kesho anaachiwa viwili. Kila siku mtoto anamaliza kazi kwa kushinda. Njia hiyohiyo hutumika kumfundisha kuhesabu fedha na kwenda dukani kununua chumvi na kurudi na chenji kamili. Mwalimu wa darasa la kwanza anayehangaika na watoto wasioweza kushika KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, angefaidika sana na ufundi huo, kama angekuwa na mtu wa kumwonyesha. Na yule mtoto mwenye usonji anayeziba masikio na kupiga kelele kengele ya ringi ya gari inapogongwa, huhitaji tu kuambiwa mapema kwamba kengele inakaribia, na kuonyeshwa kwa picha kitakachofuata baada yake. Mwalimu wa zamu akilijua hilo, ugomvi wa kila siku unaweza kupungua sana.

Mpaka hapa nimezungumzia watoto ambao ulemavu wao tunaujua. Wapo wengine. Utafiti wa Ulemavu wa mwaka 2008 ulikuta asilimia 7.8 ya Watanzania wenye umri wa miaka 7 na kuendelea wana ulemavu, na Sensa ya mwaka 2012 ikatoa asilimia 9.3. Sasa hesabuni katika shule yenye watoto 1,000. Kitengo kina watoto wangapi, ishirini, thelathini? Waliobaki wako majumbani, au wako katika madarasa yenu wakiitwa watukutu, wazembe, wazito. Yupo ambaye masikio yametoka usaha tangu utotoni na sasa anasikia nusu ya maneno. Yupo ambaye herufi humchezea machoni kila anaposoma ilhali akiulizwa kwa mdomo anajibu vizuri kuliko wote. Yupo ambaye hadi leo hakuna aliyegundua kwamba anahitaji miwani. Kuwabaini hawa ni kazi ya mwalimu wa elimu maalumu, na hawezi kuwabaini kama haingii madarasani. Kipimo cha kwanza cha uoni hakihitaji zaidi ya chati ya herufi ukutani na mita sita za kupima kwa kamba. Kipimo cha kwanza cha usikivu ni kumwita mtoto kwa sauti ya chini kutoka nyuma yake. Kwa vipimo vikubwa zaidi anaandika rufaa kwenda hospitali au kituo cha upimaji. Wenzetu wa Kenya walianza kujenga mtandao wa vituo vya upimaji tangu mwaka 1984, na mwaka 1986 wakaanzisha taasisi yao ya elimu maalumu, KISE, huko Nairobi. Sisi tunacho Chuo cha Patandi, Tengeru, mkoani Arusha, kinachotoa walimu wazuri. Wakishatoka pale, tunawapoteza mikononi mwetu wenyewe.

Tunawapotezaje? Mwalimu aliyesomea uziwi anapangiwa kitengo cha ulemavu wa akili, au anapangiwa shule isiyo na kitengo na kupewa vipindi 30 vya Uraia na Historia kama mwalimu mwingine yeyote. Akipelekwa mahali sahihi, anakuta mashine tatu za nukta nundu na mbili kati yake zimevunjika kitufe, karatasi ngumu zimekwisha tangu muhula uliopita. Likizo ya uzazi ya mwenzake ikifika, anabaki peke yake na watoto wa madarasa yote saba katika chumba kimoja. Wathibiti ubora wakija wanakagua idadi ya maazimio ya kazi aliyoandika, hakuna anayeuliza ametembelea madarasa mangapi, wala walimu wangapi wamebadili ufundishaji wao kwa sababu yake. Kama kipimo cha kazi yake ni kitengo, kwa nini atoke kitengoni?

Jambo la ajabu ni kwamba mfano mzuri tuliwahi kuwa nao hapahapa. Walimu wa kuzunguka waliokuwa wakiwahudumia wasioona vijijini walipewa pikipiki, wakawa na shule kadhaa za kutembelea. Mtoto alibaki shule ya kijiji chake, akalala kwa mama yake. Mwalimu wa kuzunguka alikuja, akamfundisha nukta nundu na mwendo wa fimbo nyeupe, kisha akaketi na mwalimu wa darasa kumwonyesha la kufanya mpaka atakaporudi. Njiani akapima macho ya watoto wengine, na ya wazee pia, akawaelekeza hospitali. Mpango ule ulikuwa na upungufu wake: wengi wao walibebeshwa na vipindi vya kawaida, na pikipiki bila mafuta haiendi. Lakini wazo lake lilikuwa sahihi kabisa, na naamini lilikuwa mbele ya majengo mengi tuliyoyazindua tangu hapo.

Baadhi yenu mtaniuliza: je, unataka vitengo na shule maalumu vifungwe? Hapana. Kiziwi anahitaji kuwa miongoni mwa viziwi wenzake ili lugha yake ikue. Mtoto asiyeona na asiyesikia kwa pamoja anahitaji mwalimu wa mkono kwa mkono. Yapo masaa ambayo mtoto lazima atolewe darasani akafundishwe nukta nundu au matamshi kwa utulivu. Ninachokataa ni kitengo kugeuka kuwa mwisho wa safari ya mtoto na kizuizi cha mwalimu.

Na msiseme madarasa yana watoto wengi mno kwa hiyo haiwezekani. Ni kweli uwiano wetu rasmi wa mwalimu mmoja kwa watoto 45 umebaki kwenye nyaraka, na shule nyingi zina mara mbili yake. Lakini hiyo ndiyo sababu kubwa ya kutaka watu wazima wawili wenye maarifa tofauti wafikiri pamoja kuhusu kipindi kimoja. Wala msiseme mitihani imeshawafikiria: Baraza la Mitihani huwapa watahiniwa wenye ulemavu muda wa nyongeza, dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 katika masomo mengine, pamoja na karatasi za nukta nundu au maandishi yaliyokuzwa. Ni haki, na ni vizuri. Ila mtoto aliyesoma miaka yote kwa "hii" na "huku", dakika 20 za nyongeza atazifanyia nini?

Niwageukie wazazi. Mwalimu wa elimu maalumu ni wenu pia. Mtoto wenu akijifunza alama shuleni na nyumbani hakuna anayezijua, mmemrudisha kwenye ukimya kila jioni na kila likizo. Daini kwenye mkutano wa wazazi kwamba mwalimu apewe Jumamosi moja kwa mwezi ya kuwafundisha alama, na mje, akina baba pamoja na akina mama. Na ninyi ambao watoto wenu hawana ulemavu, msilalamike kwamba mwalimu anawapotezea muda watoto wenu. Nimeshaeleza nani anafaidika.

Wanachuo, mtakapofika kituoni msisubiri kualikwa. Bisheni hodi katika darasa la jirani. Msiende kama wakaguzi. Mwalimu mwenye watoto 90 hatamsikiliza mtu aliyekuja kumkosoa. Nendeni na kitu mkononi: chati, kadi, andalio mlilolirekebisha pamoja. Jitoleeni kufundisha nusu ya kipindi naye akiangalia, kisha yeye afundishe ninyi mkiangalia. Mwalimu huwa anabadilika akiona mtoto aliyemkatia tamaa ameinua mkono na kujibu. Hotuba haiwezi kumbadilisha hivyo, hata hii yangu.

Maafisa elimu wa halmashauri, mkitupangia walimu, someni cheti mpaka mstari wa utaalamu. Mkitukagua, ulizeni kuhusu madarasa tuliyoingia.

Nanyi walimu wakuu mliomo humu, ninyi ndio wenye uamuzi wa karibu kuliko wote. Ratiba ya muhula ujao bado haijabandikwa. Mpunguzieni mwalimu wa kitengo vipindi vinne kwa wiki: viwili akae na walimu wa masomo wakipitia maandalio, viwili aingie madarasani mwao. Hakuna waraka unaowazuia, wala hamhitaji kuomba fedha kwa mtu. Fanyeni hivyo muhula mmoja, kisha yakusanyeni madaftari ya watoto wa kitengo mwezi wa mwisho, mlinganishe na ya muhula huu.